Siku za Kukata Salamu

Harufu ya limau na majivu ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi nyumbani kwetu. Baba alikaa kwenye kizingiti cha mlango, amelikumbatia besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi ya kanisa, akilisugua kwa nusu ya limau iliyochovywa kwenye majivu ya jikoni. Alisugua polepole, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga, mpaka shaba ikang'aa na vidole vyake vikanuka uchachu ambao haukutoka hata baada ya kula. Kijiji chetu kiko juu ya barabara ya Malindi, ile ya milima ya Washambaa na siyo ya pwani, mahali ambapo wakati wa masika ukungu huingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Katika ukungu ule tulimsikia baba akijaribu sauti yake nzito, na kutoka bondeni, chini ya shamba letu, likamjibu tarumbeta jembamba la baba mkubwa, kaka yake, aliyekuwa akipuliza sauti ya kwanza katika bendi ile ile. Mgeni aliyepita njiani angesema, tazama jinsi ndugu hawa wanavyoitana. Lakini hawakuwa wakiitana. Mimi tangu nipate akili sikuwa nimewahi kumsikia baba akimwambia kaka yake neno hata moja.

Katika ukoo wetu jambo hili lilikuwa na jina. Liliitwa kukata salamu. Kwingine watu wakikosana hutukanana, wakishikana mashati huamuliwa na majirani, kisha jioni wanakunywa chai pamoja. Kwetu hapakuwa na kelele. Mtu akiudhika alifunga mdomo, na akishaufunga hakuufungua tena. Babu yangu alikata salamu na ndugu yake kwa ajili ya kondoo aliyekula maharage, na walizikwa wote wawili bila kusalimiana. Wazee walisimulia habari hiyo kwa namna ya kujivunia. Walisema, "Sisi hatugombani ovyo," kana kwamba ukimya ule ulikuwa adabu. Baba na baba mkubwa walikatana salamu siku ya kugawana shamba la babu, kabla sijazaliwa. Baba mkubwa, aliyeitwa Elisha, alisema mbele ya wazee kwamba huyu mdogo wake Natanaeli apewe kipande cha juu chenye mawe, kwa sababu hajui kushika jembe, anajua kushika tarumbeta tu. Wazee wakacheka. Baba hakucheka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wa baba mkubwa ulijikwaa siku hiyo mbele ya ukoo mzima.

Tatizo ni kwamba milima yetu haimruhusu mtu kuishi peke yake. Mfereji wa maji ulikuwa mmoja. Ulitoka kwenye chemchemi msituni, ukapita shambani kwetu, ndipo ukateremka kwa baba mkubwa. Majirani wengine walipeana zamu kwa kuitana kutoka kilima hadi kilima, "Eee, maji yenu hayooo!" Baba na kaka yake walibuni njia yao. Baba akimaliza kumwagilia kabichi alichomeka mti mrefu ukingoni na kufunga jani la mgomba juu yake. Baba mkubwa alipoliona jani alijua maji ni yake. Siku ya ukungu mzito jani halikuonekana, na maji yakapotea bure makorongoni huku mashamba yote mawili yakingoja. Mama alikuwa akitazama maji yale yakienda na kusema kwa sauti ya chini, "Mungu ametupa mvua, sisi tumekosa mdomo."

Mdomo ulikuwa mimi. Nilikuwa mtoto wa kike pekee, mwepesi wa miguu, na nilijifunza kubeba maneno kama wenzangu walivyojifunza kubeba maji. "Debora, mwambie baba yako mkubwa kesho kuna mazoezi ya bendi." Nami nilishuka mbio, nikatoa shikamoo, nikapokea marahaba, nikaeleza, nikapanda tena na jibu. Hilo la bondeni halikuwa gumu. Gumu lilikuwa la ndani ya nyumba, maana baba alipomkasirikia mama alimkatia salamu naye, siku kadhaa, wakati mwingine zaidi. Tulikaa wote kuzunguka chungu kimoja cha makande, magoti yakigusana, na baba akasema, "Debora, mwambie mama yako chumvi haitoshi." Mama alikuwa hapo hapo. Nikageuza shingo na kumwambia, "Mama, baba anasema chumvi haitoshi." Naye mama, ambaye Mungu alimjalia ucheshi ili asife kwa uchungu, akajibu, "Mwambie baba yako chumvi imemsikia, inakuja." Sisi watoto tulicheka ndani ya mashavu. Baba alitazama chungu.

Sitaki mtu amdhanie baba kuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumpiga mama, hakunywa pombe, na alikuwa wa kwanza kufika kanisani na wa mwisho kuondoka. Alikuwa amerithi nyumba ambayo mlango mmoja ulikuwa umepigwa misumari, na hakuna aliyemwambia kwamba misumari inang'oleka. Majirani walipotuona walisema mwana wa nyoka ni nyoka, wala hawakusema kwa chuki. Walisema kama watu wanavyosema kwamba mahali fulani udongo ni mwekundu.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao kaka yangu mkubwa, Amosi, alikuwa katika darasa la Kipaimara. Kwaresima ilianza pamoja na mvua, na jioni moja Amosi alirudi kutoka darasani amenyong'onyea, kwa sababu alipotakiwa kukariri Imani ya Mitume alikwama katikati na wenzake wakamcheka. Danieli, anayemfuata, alikuwa na kipaji cha kuigiza. Akasimama jikoni, akatoa macho, akakwama mahali pale pale alipokwama kaka yake, kwa sauti ile ile. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Amosi hakusema kitu. Siku zilizofuata tuliendelea na kazi zetu, kukata majani ya ng'ombe, kuokota kuni, na mimi sikuona ajabu yoyote kwamba Amosi alikuwa akiniambia, "Debora, mwambie Danieli aniachie panga," na Danieli akijibu, "Mwambie panga lina mwenyewe." Nilikuwa nimezoea. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu duniani.

Siku moja adhuhuri tulikuwa nyuma ya nyumba tukipukuchua mahindi, sisi watatu kwenye ngozi moja. Mama alikuja na mzigo wa kuni kichwani, mvua imemlowesha. Amosi akasema, "Debora, mwambie huyo asogee." Nami nikamwambia Danieli, aliyekuwa amekaa katikati yetu, "Kaka anasema usogee." Mama alisimama. Niliona mzigo ukiteremka kutoka kichwani pake, taratibu, mpaka chini, kisha yeye mwenyewe akaketi juu ya kuni zile, miguu imenyooka matopeni, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Tuliogopa. Mama yetu hakuwa mtu wa kukaa wakati wa mchana.

"Hamsemeshani tangu lini?" akauliza.

Danieli akanong'ona kwamba ni Amosi aliyeanza. Amosi akageuka kwangu na kusema, "Mwambie mama sikuanza mimi." Hapo ndipo mama alipofunika uso kwa kanga yake. Alikuwa ameshavumilia mume asiyesema, na shemeji asiyesema, na makaburi mawili ya wazee wasiosema. Lakini wanawe aliwazaa wakilia kwa sauti, na sasa aliwaona wakizimika mmoja mmoja mbele ya macho yake.

Baba aliporudi shambani, mama alimngoja mlangoni. Siku hizo hawakuwa wamekatana salamu, kwa hiyo alisema naye mwenyewe. "Baba Amosi, ile mbegu ya baba yako imeota. Watoto wamekata salamu." Baba akauliza ni nini kilichotokea, naye akaelezwa. Alitazama chini, akisugua kidole chake cha gumba kana kwamba bado kina majivu. Kisha akasema, "Itawatoka." Mama akamwuliza, "Wewe ilikutoka lini?" Baba akachukua jembe lake na kurudi shambani, ingawa kazi ya siku ile ilikuwa imekwisha. Mama akaingia jikoni, akapiga magoti kando ya mafiga, akaomba kwa sauti, kwa Kishambaa, bila maneno ya kupamba. Alimwomba Mungu awafungue wanaume wa nyumba hii midomo, na kama haiwezekani wote, basi aanze na wadogo. Tuliomsikia tuliona haya, maana tulikuwa tumezoea kusikia maombi yakiombwa kwa ajili ya wagonjwa na wasafiri, siyo kwa ajili yetu.

Mungu alijibu, lakini alipitia njia ambayo hakuna mtu angeichagua. Tulikuwa tumepata mchungaji mpya, kijana bado, mtu wa Upare, mwenye kikohozi cha baridi ya kwetu. Alipenda muziki. Jumapili ya pili au ya tatu tangu afike, bendi ilipiga wimbo wa Kwaresima, na baba na baba mkubwa wakapiga ubeti mmoja wao wawili tu, besi chini na sauti ya kwanza juu, bila kutazamana, kwa ulinganifu ambao hata mimi niliyekuwa najua mambo ulinisimamisha vinyweleo. Mchungaji alipanda mimbarani macho yamelowa. Akaacha alichokuwa ameandaa. Akasema, "Wapendwa, mnatafuta mfano wa ndugu wanaokaa pamoja kwa umoja? Msiende mbali. Tazameni wazee hawa wawili." Akawataja kwa majina. Akasema anatamani kila nyumba ya usharika ule iishi kama nyumba ya Elisha na Natanaeli.

Kanisa lilinyamaza namna ambayo sijawahi kuisikia tena. Mtu fulani akakohoa. Kwenye mabenchi ya watoto kukatoka kicheko, kikazimwa kwa kofi. Mama aliinamisha kichwa mpaka nikaona shingo yake tu. Baba na baba mkubwa walikuwa wamekaa bega kwa bega, ala zao mapajani, na kila mmoja alitazama mbele kama sanamu. Mchungaji aliona kuna kitu, lakini hakujua ni nini, akaendelea kusifu, maskini, akiuchimba mtaro aliojitumbukiza ndani yake. Tulipotoka nje mwanamke mmoja alimwambia mama, "Leo mmepata cheo," na wenzake wakacheka. Baba alitembea mbele yetu hadi nyumbani. Tarumbeta lake hakulisugua Jumamosi iliyofuata.

Bila shaka wazee wa kanisa walimweleza mchungaji. Tulidhani ataona aibu na kutuepuka, au atawaita ndugu hawa wawili ofisini awakemee, maana mchungaji aliyetangulia alikuwa mtu wa kukemea na ukoo wetu ulikuwa umeshajua kustahimili kemeo: unainama, linapita. Kumbe alikuja mwenyewe, mchana wa mvua, buti zimejaa tope jekundu, mwavuli umepinduka. Alikuwa ametoka kwanza kwa baba mkubwa bondeni. Mama alimkaribisha kwenye kiti, akakataa kukaa. Baba alisimama pia. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai cha mgeni, sijui nikiweke wapi.

Mchungaji akasema, "Mzee Natanaeli, nimekuja kwa sababu nimekukosea. Nimekuaibisha mbele ya watu. Nilisema jambo nisilolijua. Nakuomba unisamehe."

Leo maneno hayo yanaonekana madogo. Lakini nawaambia, katika nyumba ile maneno yale yalikuwa mapya kama gari la kwanza kupita barabarani. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima, tena mwanamume, tena mwenye cheo, akimwambia mwenzake kwamba amekosa. Kwetu mtu aliyekosa aliachia siku zipite, au alituma kuku kwa mkono wa mtoto, na kuku hakueleza ametumwa kwa nini. Baba alitikisa kichwa. Hatimaye akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, "Mchungaji, mimi sijui hilo linajibiwaje. Kwetu hatukufundishwa."

"Unalijua, mzee," akasema mchungaji. "Lipo katika sala tunayoomba kila Jumapili."

"Pale mimi hunyamaza," baba akajibu.

Mama alishtuka. Baba akaeleza, huku akitazama mvua, kwamba tangu siku ya kugawana shamba, wakifika katika Sala ya Bwana mahali pa kuomba kusamehewa kama tunavyowasamehe waliotukosea, yeye hufunga mdomo mpaka mahali pale papite, ndipo huendelea. Hakutaka kumdanganya Mungu. Mchungaji alimsikiliza, kisha akacheka kidogo kwa huzuni, akasema, "Kaka yako ameniambia neno hilo hilo sasa hivi. Mmekaa benchi moja miaka yote hii, na mnanyamaza mahali pamoja." Kisha akasema bado anangoja jibu lake, kwa sababu yeye ndiye mkosaji aliyesimama hapo, na miguu inamwuma. Baba akamtazama buti, akamtazama usoni. "Basi," akasema, "nimekusamehe, mchungaji." Akavuta pumzi ndefu kama apulizaye besi, akaketi. Chai ikanyweka. Mchungaji hakusema lolote juu ya baba mkubwa. Alikuwa kijana, lakini alijua kuondoka.

Mvua ilipopungua baba alisimama, akavaa viatu vyake vya ibada. "Debora, twende." Hakusema wapi, lakini aliposhika njia ya bondeni nilimfuata, kama kawaida yangu, nikijiandaa kubeba maneno. Baba mkubwa alikuwa ukingoni mwa mfereji, suruali imekunjwa, akizoa tope lililoziba maji. Nikatoa shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema, macho kwenye tope. Baba akasimama upande wa pili wa mfereji. Akaniwekea mkono begani.

"Mwambie baba yako mkubwa," akaanza, na hapo akakatika.

Nilingoja. Nilijua nikigeuka sasa na kusema lolote nitaharibu kitu, ingawa sikujua ni kitu gani. Maji yalipita. Baba akaondoa mkono begani mwangu.

"Kaka," akasema. "Nimekuja mwenyewe. Nimekukatia salamu miaka mingi. Nimekosa. Nisamehe."

Baba mkubwa hakuinuka mara moja. Alisimika jembe lake matopeni, akaliegemea. Kisha akasema, "Kumbe unaongea. Nilidhani besi limeumeza ulimi wako." Midomo yake ilikuwa ikicheza, na sikuweza kujua kama atacheka au atalia, na nadhani naye hakujua. "Natanaeli, lile neno langu mbele ya wazee, lilinitoka tu. Kesho yake asubuhi nilitaka kulirudisha. Sikupata mlango wa kulipitishia. Nisamehe, mdogo wangu. Kile kipande chenye mawe umekilima kuliko mimi." Baba akavuka mfereji, hakuruka, alitia mguu ndani ya maji na viatu vyake vya ibada, wakashikana mikono, wakashikana mabega. Halafu, kwa kuwa ni Washambaa, walianza kusalimiana. Onga mshi, wa kwenu wazima, watoto wazima, ng'ombe wazima, mashamba je, mama watoto je, na kila walipofika mwisho mmoja alianza upya, kana kwamba wanalipana salamu zote walizonyimana. Mimi niliketi juu ya jiwe. Nilikuwa sina kazi. Nakumbuka wepesi ule mwilini mwangu, kama wa mtu aliyetua mtungi na shingo bado inadhani umo kichwani.

Jioni baba aliwaita Amosi na Danieli. Hakuwachapa wala hakuwahutubia. Aliwaambia, "Mimi leo nimejifunza kusema neno, nami ni mtu mzima, limenitoa jasho. Ninyi mjifunze mapema, lisije likawatoa damu." Danieli alisema nimekosa huku analia. Amosi alisema nimekusamehe huku anatazama ukuta, lakini alisema. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba kwamba kabla ya sala ya jioni kila mtu amsalimie kila mtu kwa kinywa chake mwenyewe, na mwenye neno alitoe. Samaki mkunje angali mbichi. Sitasema baba aligeuka malaika siku moja. Mara nyingi tulimwona akianza kufunga, shavu linakaza, na maneno yakianza kunijia, "Debora, mwambie mama..." Mama alisema tu, "Niko hapa, Baba Amosi." Naye alijiuma mdomo, akageuka, akamwambia mwenyewe. Ndivyo neema inavyofanya kazi mara nyingi, nimeona, kama maji ya mfereji: hayaleti kelele, lakini yakipewa njia kila siku, shamba linabadilika rangi.

Sasa nimezeeka, nimekuwa mzee wa kanisa, na watu huja kwangu wakitaka kujua namna ya kuvunja laana za ukoo. Wengine wamekwenda mbali kwa waombeaji wenye vipaza sauti. Sibishani nao, maana najua mzigo wenyewe ulivyo mzito. Huwauliza tu, katika nyumba yenu ni neno gani ambalo halijawahi kusemwa? Mara nyingi hunyamaza, kisha hulitaja. Kwetu waliokata salamu wote wamelala makaburini, wa kwanza kwa ukimya na wa mwisho kwa amani. Nimezika baba na baba mkubwa, na aliyetangulia alikufa akiwa ametoka kuongea na mwenzake.

Wiki iliyopita mjukuu wangu na mjukuu wa Amosi, vijana wanaopakia kabichi pamoja pale sokoni Lukozi, waligombana jikoni kwangu. Mmoja alikuwa ameliacha lori liondoke bila magunia ya mwenzake. Walifokeana, wakaitana majina ambayo mimi nikiwa mtoto ningechapwa kwa kuyasikia. Nilisimamisha mwiko, kwa sababu mwili wa mtu hausahau. Nilikuwa nangoja ule ukimya. Ghafla mmoja akachovya ugali kwenye maharage na kusema, mdomo umejaa, "Basi bwana, nimekosa, nisamehe. Nipe chumvi." Mwenzake akamsukumia chumvi. "Yameisha. Ila kesho unapakia wewe." Wakaendelea na habari za mpira. Hawakujua neno lile lilikotoka, wala limegharimu nini kulileta mpaka mezani pale, na sikuwaambia. Niliwaongezea maharage, nikatoka nje nikashukuru.